Njia ya Chumvi, Njia ya Mchele

Mfuko wenyewe ni mdogo, umefumwa kwa sufu nene na kutiwa ngozi kwenye pembe zisiliwe upesi. Huja miwili miwili, imeshonwa pamoja: mmoja huangukia ubavu wa kulia wa kondoo, mwenzake wa kushoto. Kamba moja hupita kifuani, nyingine chini ya mkia, ili mzigo usimkimbilie mnyama shingoni anapoteremka wala usimrudie kiunoni anapopanda. Ndani mna chumvi. Kondoo mmoja hubeba kilo kumi na ushei. Ni mzigo wa mtoto, mpaka ukumbuke kwamba kundi lina kondoo na mbuzi mia mbili, na mia mbili mara kumi ni tani mbili: tani mbili zinazotembea kwa miguu yao, zinazojilisha kando ya njia, na ambazo mwisho wa safari unaweza kuzinyoa manyoya ukafuma blanketi.

Jioni mifuko huteremshwa na kupangwa mmoja juu ya mwingine hadi iwe ukuta, na watu hulala nyuma ya ukuta huo, upepo ukijipigia chumvi. Alfajiri kila mnyama hushikwa, hupakiwa, hufungwa, hadi mia mbili waishe. Halafu mwendo wa siku nzima, na magharibi kazi ile ile kinyumenyume.

Hivyo ndivyo chumvi ilivyokuwa ikishuka Humla, wilaya ya kona ya kaskazini-magharibi ya Nepal, mpakani na Tibet. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 5,655. Chukua Unguja na Pemba, ziunganishe, zizidishe mara mbili, bado hazijaijaza. Lakini sensa ya 2021 iliwakuta huko watu elfu hamsini na tano hivi, ambao Zanzibar wangetoshea katika mitaa michache. Sijafika Humla, wala sitajifanya. Nimeifuata kwa miaka kadhaa vitabuni, kwenye ramani na katika masimulizi ya waliofika, na kilichonivuta kwanza ni chumvi. Kwa mtu wa pwani chumvi ni maji ya bahari yaliyoachwa juani. Kwamba kuna mahali inashuka kutoka mlimani, mgongoni mwa kondoo, kulinigeuzia dunia kichwa chini.

Chumvi hiyo ilitoka kwenye maziwa ya uwanda wa juu wa Tibet, maziwa yasiyo na mto wa kuyatoa, jua na upepo vikiyakausha kingoni. Huko juu kulikuwa na chumvi na sufu, nafaka haba. Chini, kwenye vilima vya kusini vinavyoelekea India, kulikuwa na mpunga na ngano, chumvi hakuna. Humla imekaa katikati, na mashamba yake, vitambaa vya ardhi vilivyochongwa ngazi ngazi juu ya mto Karnali, hayajawahi kumtosheleza mtu mwaka mzima. Basi watu wakafanya yafuatayo. Kiangazi walipanda na nafaka hadi soko la Purang, ng'ambo ya mpaka, wakabadilisha kibaba kwa vibaba vya chumvi. Baridi ikianza walishuka kusini na chumvi ile ile, wakaibadilisha kwa nafaka nyingi kuliko waliyoondoka nayo. Nyingine wakala, nyingine wakaiweka ya kupanda nayo tena. Hapakuwa na fedha. Faida yote ilikuwa katika kutembea.

Nchi yenyewe imesimama wima. Simikot, makao makuu ya wilaya, iko mita 2,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo ni pa chini. Kilele cha Saipal kinafika mita 7,031. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa pili Horombo, mita 3,720, na wengi hulala huko na kichwa kinachogonga. Katika bonde la Limi, kaskazini kabisa ya Humla, urefu kama huo ndio jikoni: hapo mtu huzaliwa, hulima shayiri, huzeeka. Mto Karnali huingia kutoka Tibet, karibu na mlima Kailash, ambao Wahindu, Wabudha, Wajaini na Wabon wote huuona mtakatifu. Watibeti husema mito mikuu minne hutoka vinywani mwa wanyama wanne kuuzunguka mlima huo, simba, farasi, tembo na tausi. Karnali ni wa tausi.

Nyumba zimejengwa kwa mawe na mbao, paa bapa la udongo, na kwa kuwa kijiji kimebandikwa mteremkoni, paa la nyumba ya chini ni ua wa nyumba ya juu. Hapo ndipo nafaka inapopurwa, watoto wanapocheza, vikongwe wanapoota jua la asubuhi. Mifugo hulala ghorofa ya chini, joto lao likipanda kwa watu. Ngazi ni gogo moja tu lililochongwa vidato, limeegemezwa ukutani. Mgeni hupanda kwa mikono na miguu, mwenyeji hupita na ndoo.

Kwenye lugha ya Kinepali kuna neno durgam, pasipoendeka kirahisi. Ni neno la serikali pia: mtumishi akipangiwa huko huongezewa posho kwa kiwango cha udurgam, kama vile watumishi wetu wanavyohesabiwa posho ya mazingira magumu na bado wakaomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Humla ni durgam kupita kiasi. Kwa miaka mingi, kati ya wilaya 77 za Nepal, ndiyo iliyobaki peke yake makao makuu yake hayajafikiwa na barabara ya taifa. Kila anayeandika habari zake huanza hapo, kana kwamba umbali ni kama mwinuko, kitu alichokiumba Mungu pamoja na mawe.

Mimi naona umbali wa Humla una tarehe.

Katika karne ya 12 hadi ya 14 wafalme wa Khasa walitawala kutoka Sinja, bonde lililo kusini ya Humla katika wilaya ya Jumla ya leo. Himaya yao ilipanda hadi Purang na Guge huko Tibet na kushuka hadi vilimani kusini. Kathmandu, mji mkuu wa leo, kwao ilikuwa mahali pa kwenda kuvamia, nao walivamia. Humla ilikuwa kati ya ikulu na Tibet, juu ya njia. Na lugha iliyosemwa Sinja, Khas Kura, ndiyo iliyokuja kusambaa mashariki, ikaitwa Kigorkhali, na mwishowe, katika karne ya 20, ikapewa jina la Kinepali. Kwa hiyo afisa wa Kathmandu anayelalamika kwamba amepelekwa durgam, analalamika kwa lugha iliyotoka jirani ya huko anakopelekwa. Majeshi ya ufalme wa Gorkha, ulioko mashariki, yaliiteka Jumla mwaka 1789, na tangu hapo kitovu kikawa mashariki. Lakini hata kutekwa hakukuifanya Humla kuwa mbali. Kondoo walikuwa bado wanatembea.

Njia ya chumvi iliunda hata ndoa. Katika vijiji vya Limi, na miongoni mwa Wanyinba walio karibu na Simikot, ndugu wawili watatu walikuwa wakimwoa mke mmoja. Sisi neno tulilonalo ni uke wenza. Hapa uligeuze neno hilo. Melvyn Goldstein, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa Limi miaka ya sabini, aliieleza desturi hiyo kwa ardhi: kila ndugu akioa kivyake, shamba litagawanywa, na watoto wao watagawana tena, mpaka kila mtu ashike kitambaa kisichotosha mbuzi. Sisi tulioona shamba la babu likimegwa hadi kila mjukuu akabaki na minazi mitatu na kesi moja mahakamani, hesabu hiyo hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Na kazi zenyewe zilikuwa tatu: mmoja abaki na jembe, mmoja awe na mifugo malishoni, mmoja awe njiani na chumvi. Nancy Levine, aliyeandika kitabu kizima juu ya Wanyinba mwaka 1988, alitaka tusikomee kwenye jembe. Kwake udugu wenyewe, ndugu kutotengana, ni thamani inayojitegemea, na ndoa hiyo haieleweki bila hiyo. Nami namwelekea Levine. Uchumi hueleza kwa nini jambo linawezekana. Hauelezi kwa nini mtu analionea fahari.

Sasa tarehe. Mwaka 1959 uasi wa Lhasa ulivunjwa na Dalai Lama akakimbilia India. Mpaka ambao wachungaji waliujua kwa majani na maji ukawa mpaka wa askari na vibali. Biashara haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa masharti mapya, bei zikipangwa upande wa pili. Malisho ya baridi huko Tibet, ambayo watu wa Limi waliyatumia vizazi kwa vizazi, yalifungwa miaka ya themanini, na mifugo ikapungua kwa sababu haikuwa na pa kula.

Pigo la pili lilitoka kusini, nalo siwezi kulilaani. Chumvi ya Tibet haina madini joto. Magharibi ya Nepal, Jumla na kandokando yake, kulijaa watu wenye rovu, shingo zimevimba kama zilizomeza embe, na watoto waliozaliwa viziwi na wazito wa akili kwa sababu mama zao walikosa madini hayo. Kuanzia miaka ya sitini na sabini chumvi ya India iliyotiwa madini joto ilianza kusambazwa vilimani, kwa barabara zilizokuwa zikisogea mwaka hadi mwaka na kwa bei ya ruzuku. Kila barabara ilipofika, wateja wa kondoo walirudi nyuma kwa mwendo wa siku kadhaa. Chumvi iliyoponya shingo za watu ndiyo iliyoua njia. Sijui mfanyabiashara wa Humla alijisikiaje kumkuta mnunuzi wake wa miaka ishirini akimwambia, samahani ndugu yangu, mwaka huu tunayo, huku akimwonyesha pakiti.

Pigo la tatu lilikuja na nia njema pia. Vilima vya chini vilikatwa miti kupita kiasi, na serikali ikakabidhi misitu kwa vikundi vya wanavijiji waihifadhi. Misitu ikarudi, Nepal ikasifiwa duniani, na ilistahili. Lakini msitu uliokabidhiwa kijiji una mwenyewe, na mwenyewe hapendi kondoo mia mbili wa watu asiowajua walale humo usiku wakitafuna miche. Makundi yakazuiwa au yakatozwa. Kaskazini pamefungwa na askari, kusini pamefungwa na miti, na katikati mna mfuko wa sufu usio na pa kwenda.

Badala ya chumvi kutoka juu ukaja mchele kutoka angani.

Shirika la chakula la serikali, lililoundwa 1974, lilipeleka mchele wa ruzuku katika wilaya za ukanda wa Karnali kwa ndege, maana njia nyingine haikuwepo. Ndege ndogo hupaa Nepalgunj, tambarare yenye joto mpakani na India, na kwa muda usiofika saa moja hupanda hadi Simikot, juu ya njia fupi iliyolala ukingoni mwa mlima. Huruka asubuhi, kabla upepo wa bondeni haujaamka. Wingu likikaa, ndege haiji. Julai 2018 mahujaji wa Kihindi zaidi ya elfu moja waliokuwa wakirudi kutoka Kailash walikwama Simikot, na Hilsa iliyo mpakani, kwa sababu ya wingu, na habari ikaenea Asia nzima. Watu wa Humla wamekwama hivyo maisha yao yote.

Katika ndege ya namna hiyo nauli ya gunia hupita bei ya gunia. Na mchele uliopakuliwa ulianza kwa watumishi wa serikali, kisha wenye jamaa serikalini, kisha foleni. Si wa kumtosha mtu, lakini ulitosha kubadilisha heshima. Hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Tunajua wali ni chakula cha sikukuu na cha mgeni, na tunajua mtu anavyofunika sufuria ya ulezi akisikia hodi. Humla ililima shayiri na ulezi, ililima kaguno na chino, nafaka za punje ndogo zinazovumilia ukame na kukaa ghalani miaka, na phapar ya ua jeupe au la waridi, ambayo unga wake hufanya chapati nyeusi yenye uchungu kidogo. Zote zikawa chakula cha asiyepata mchele. Mashamba mengine yakaachwa. Wataalamu wakafika na kuandika kwamba Karnali ina upungufu wa chakula, na upungufu huo ukahesabiwa kwa mchele, nao ukapelekewa mchele zaidi. Siku hizi wataalamu wengine wamegundua kwamba kaguno ina virutubisho kuliko wali, na hoteli za mijini huiuza kwa bei ya anasa. Bibi aliyekuwa akiificha sufuria angecheka.

Umbali ulipokwisha kutengenezwa, ulipata wateja wake. Wakati wa vita vya Wamao, kati ya 1996 na 2006, waasi walikuwa wakichukua vijana, na madalali wakapanda Humla na ahadi: tupe mtoto na fedha kidogo, tutampeleka shule Kathmandu. Wazazi waliuza walichokuwa nacho. Watoto wakaishia katika nyumba za yatima, wakiwa na wazazi hai, wakifundishwa kusema wamekufa, kwa sababu yatima ana wafadhili. Conor Grennan, Mmarekani aliyejitolea katika nyumba mojawapo, aligundua jambo hilo na akaenda Humla kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na picha za watoto mkononi. Ameandika kitabu juu yake. Ninaloshindwa kulipita ni wepesi wa uongo ule. Haukuhitaji karatasi nyingi wala vitisho vingi. Ulihitaji siku kadhaa za kutembea na ndege moja, na mama asiye na nauli.

Wala sitaki kuifanya Humla ya kondoo kuwa bustani. Njia ya chumvi ilipita kijijini ambako fundi chuma wa tabaka la chini hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba aliyoitengenezea jembe. Katika vijiji vya Wahindu mwanamke akiwa hedhini alilala kibandani au zizini, desturi iitwayo chhaupadi, ambayo bunge la Nepal liliifanya kosa la jinai mwaka 2017 na ambayo haijaisha kwa kuandikwa. Mtu aliyekaa njiani si lazima awe huru nyumbani.

Leo kinachowapandisha watu milimani ni kiwavi. Kiwavi wa nondo huishi ardhini. Kuvu humwingia, humla kutoka ndani, na majira ya kuchipua huchomoza kichwani pake kama kijiti cha kahawia, urefu wa njiti ya kiberiti au zaidi kidogo. Watibeti humwita jani-kiangazi-mdudu-baridi, jina ambalo Nepal hutamkwa yarsagumba. Wachina humnunua kama dawa ya nguvu, na vilivyo vizuri huuzwa kimoja kimoja kama vito. Nepal iliruhusu biashara hiyo mwaka 2001. Theluji inapoondoka, kati ya Mei na Juni, vijiji huhama: wazee, wake, wanafunzi, hata walimu, hadi mita 3,500 na zaidi. Utawaona wamelala kifudifudi, shavu karibu na majani, macho yakiwa sambamba na ardhi, maana ukisimama hukioni. Watoto huona upesi kuliko wakubwa. Shule hufungwa, kwa tangazo au bila tangazo, na malipo ya siku moja njema yanaweza kulipia karo ya mwaka. Hii nayo ni biashara na Tibet, lakini ya kuokota. Hakuna anayeshuka na chumvi.

Na mlima unaotoa kiwavi huchukua pia. Halji, mojawapo ya vijiji vya Limi, ina nyumba ya watawa wa Kibudha iliyokaa tangu karne ya 11, miongoni mwa kongwe kabisa za Nepal. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2006, karibu kila kiangazi, ziwa lililojikusanya kando ya barafu ya mlima ulio juu yake lilitoboa njia chini ya barafu na kushuka lote kwa saa chache. Mwishoni mwa Juni 2011 lilichukua nyumba, mashamba na madaraja, likasogea karibu na kuta za watawa. Wanakijiji wamejenga kingo za mawe yaliyofungwa kwa waya. Wanajua mwezi, saa hawaijui.

Na barabara? Ya kwanza kufika Simikot haikutoka Kathmandu. Ilichongwa kutoka Hilsa, mpakani, ikapanda kipito cha Nara kinachozidi mita 4,500 na kushuka kando ya Karnali, kwa sehemu kubwa ikizifuata nyayo za kondoo. Magurudumu yaliweza kutoka China kabla hayajaweza kutoka mji mwingine wowote wa Nepal. Mchele wa China ukawa nafuu kuliko mchele wa ndege, na watu wa Limi wakapata vibarua Purang na kuendelea kuuza huko mabakuli yao ya mbao, yanayochongwa kutoka vifundo vya mti na kung'arishwa, ya kunywea chai ya siagi na chumvi. Mwaka 2020 mpaka ukafungwa kwa ugonjwa, na ukakaa umefungwa miaka. Wakati huo jeshi lilikuwa likipasua mwamba upande wa kusini, bondeni mwa Karnali, kuileta barabara ya pili.

Theluji ikianguka Nara hupotea kwa miezi, na ndege hukaa Nepalgunj. Simikot basi hurudi kwenye kazi yake ya zamani. Udongo wa paa ukilala na theluji hulowa, na ukilowa huvuja, kwa hiyo kabla ya chai mtu hupanda gogo lenye vidato na koleo la mbao na kuisukuma theluji hadi ukingoni. Anayeanza inafaa awe wa juu kabisa, maana theluji yake huangukia paa la wa chini. Akichelewa kuamka, kijiji kizima kitasukuma mara mbili.